Usinunue ile seti, shoga

Ngamiani, Tanga

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie huko Dodoma, wewe na wanao. Sisi huku wazima, joto tu ndilo linalotunyima usingizi. Picha ya ile seti ya vyombo vya kupikia uliyonitumia nimeiona, nikaivuta mpaka nikaisoma bei. Seti nzuri, sibishi: nyekundu, mifuniko ya kioo, na vijiko vya mpira vya rangi hiyo hiyo. Usiinunue.

Nakwambia hivyo kwa sababu chakula chako nakijua. Asubuhi chai ya maziwa, mchana ugali na mboga za majani au dagaa, usiku wali kwa maharage, Jumapili chapati, na ukibahatika kupata nazi nzuri unapika samaki. Sasa katika seti ile ugali utausongea wapi? Vile vikaango vitatu visivyogandisha utavifanyia nini, wakati wanao hao wakipitisha kijiko cha chuma siku moja tu, rangi ya ndani imeshabanduka? Kicheni pati ndizo zilizotuharibu. Bibi harusi anaondoka na hotipoti sita na bilauri za kujaza kabati, halafu siku ya kwanza ya kukata kitunguu anakwenda kuazima kisu kwa jirani. Wewe pesa ni yako, hakuna anayekuzawadia. Nunua kinachopika.

Anza na sufuria. Tatu zinatosha: kubwa, ya kati na ndogo ya chai. Ukifika dukani usione haya. Igeuze, bonyeza kitako kwa vidole gumba, kikibonyea irudishe. Iweke sakafuni uone kama inayumba, kwa sababu kitako kilichobinuka kinapata moto upande mmoja, na huo ndio wali unaoungua huku na mbichi kule. Mfuniko ujaribu hapo hapo, usikubali kuambiwa "utakaa tu". Ya ugali iwe ndiyo nzito kuliko zote. Sufuria zetu hazina mikono, na kwenye gesi iliyo nyepesi kwa uzito huzunguka pamoja na mwiko, ukawa unacheza nayo badala ya kusonga. Nunua na koleo la kushikia, na mwiko mpana wa mti mgumu. Upawa mmoja, basi.

La gesi nalo nikuulize: bado unapikia kile kimtungi cha kilo 6 chenye jiko juu yake? Kwa chai na mayai sawa. Kusonga ugali wa watu watano pale juu ni kutafuta balaa, maana mtungi wote unayumba na wewe na sufuria yako ya moto. Tafuta jiko la pleti mbili la kuweka mezani, mpira mzuri na regulata, mtungi ukae chini. Ukishafunga, paka povu la sabuni kwenye maungio. Likitoa mapovu yanayovimba, gesi inavuja. Kiberiti usikisogeze hapo hata kwa utani.

Jiko la mkaa usiligawe lakini. Najua Serikali inataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi, na mimi sina ugomvi na hilo, kifua changu kinaujua moshi. Ila wali wa nazi bila kupalia makaa juu ya mfuniko, mimi bado haujanikaa moyoni. Ukiwa huna mkaa fanya hivi: maji yakishakauka juu ya wali, weka chuma cha chapati juu ya gesi, punguza moto mpaka mwisho, kisha sufuria iketi juu ya chuma. Moto unasambaa kitako kizima, wali unaiva kwa mvuke wake na ukoko unatoka wa kahawia, si mweusi. Kwa hiyo chuma cha chapati ni lazima, tena kile kizito cha chuma tupu. Kipya kinashika kutu haraka. Kioshe, kikaushe juu ya moto, kipake mafuta kidogo, kiache kipate moto mpaka kitoe moshi, na urudie mara kadhaa. Baada ya hapo usikisugue kwa steelwaya, kifute tu.

Sasa maharage. Umelalamika kwamba ya huko hayaivi, ukamsingizia muuzaji amekupa ya msimu uliopita. Huenda ni ya zamani kweli, lakini sababu nyingine ni mji wenyewe. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hapa kwetu pwani maji yanachemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, huko kwenu yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Uchochee moto utakavyo, joto la maji halipandi tena, yanapungua tu na wewe unaongeza. Ndiyo maana uliyokuwa unayapika Tanga ukaenda sokoni Mgandini ukarudi yameiva, huko yanakukeshesha.

Kwa hiyo pesa ya seti ipeleke kwenye presha kuka. Mvuke ukibanwa ndani, joto linafika karibu nyuzi 120, na maharage yaliyolowekwa usiku kucha hayana ujanja tena. Makande hivyo hivyo, na ile nyama ngumu ya wikiendi. Chukua yenye mpira wa mfuniko ambao vipuri vyake vinauzwa hapo hapo mjini. Ukichanika na huna mwingine, umebaki na sufuria nzito tu. Ukipika maharage usiijaze kuvuka nusu, maana yanavimba na povu lake linaziba tundu la mvuke. Tundu hilo liangalie kila unapoosha, lipulize uone hewa inapita. Na usiufungue mfuniko kabla mvuke wote haujatoka, hata kama mgeni amekaa mezani.

Kisu: kikubwa kimoja, kidogo kimoja. Basi. Kisu butu ndicho kinachokata watu, kwa sababu unakilazimisha nacho kinateleza. Mzee wa kunoa akipita na baiskeli yake mpe. Asipopita, geuza kikombe cha udongo, ule mzingo wa chini usiong'aa unanoa vizuri kabisa.

Chungu usikidharau. Ukwaju na limau vinakula alumini, mchuzi ukilala humo unapata ladha ya bati. Na nyinyi wa Dodoma sasa mna mlenda wenu wa magadi, magadi nayo yanaitia sufuria weusi. Vyote hivyo mahali pake ni chunguni. Kikiwa kipya kiloweke usiku kucha, kisha chemshia uji mwepesi ndani yake polepole, uji unaziba vile vitundu. Moto wa chungu upandishe kidogo kidogo, kisije kikapasuka.

Ungo lazima, mchele una mawe. Kinu kidogo cha kitunguu saumu na tangawizi, chujio la chai, kibao na kifimbo cha chapati, karai moja la kukaangia. Blenda itasubiri mshahara wa mwezi ujao, au wa mwezi wa baadaye. Najua utaniambia nazi sasa watu wanasaga kwa blenda. Wanasaga, sawa, ila mara nyingi ile ngozi ya kahawia inaingia humo, na tui linakuwa na rangi ya vumbi. Kwenye mbuzi mkono wako ndio unaoamua: unaanza pembeni, unazungusha kifuu, unasikia meno yanapogusa pagumu, unahama kabla hujafika kwenye ngozi. Machicha yanatoka meupe. Halafu umeme ukikatika, mbuzi hana habari.

Mbuzi wa huko usinunue mpaka nikuletee wa huku. Yupo fundi mmoja hapa mtaani anatengeneza wa kukunja, kiti hakichezi na ulimi wake amekaza kwa boliti, si misumari. Nimeshamwagiza. Mbuzi huyo nitamfunga pamoja na kifumbu cha kukamulia tui na nazi chache, nikupakilie kwenye basi la Alhamisi. Ulimi nitauzungushia gunia usije ukamkata mpakiaji. Nitumie jina la mtu atakayepokea stendi, maana wewe saa hiyo utakuwa kazini, na unijulishe kama presha kuka umeipata yenye mpira wa akiba.

Wabusu wanao.

Shoga yako wa Ngamiani