Kwa ndugu wa vijana wetu wa bodaboda waliouawa

Poleni sana, wanangu, nanyi wazazi wenzangu. Nawaandikia kutoka Morogoro, mimi baba wa kijana aliyekodiwa usiku na abiria wawili, akakutwa asubuhi kwenye mashamba ya mkonge, pikipiki haipo. Ni miaka 11 sasa.

Msibani mtaambiwa, "Kazi ya Mungu haina makosa." Wanaosema hivyo wanawapenda, ni vile tu hawana neno jingine. Mimi lilinichoma, maana kilichofanyika kule shambani kilikuwa kazi ya watu, tena ya dhambi. Nilikaa nalo kimya karibu mwaka mzima, nikiogopa kuonekana nimekufuru. Kama nanyi limewakwama kooni, litoeni kwa shehe wenu au mchungaji wenu. Mimi nilianza kupumua siku nilipomwambia padri waziwazi kwamba nimemkasirikia Mungu, naye hakunikemea.

Majirani nao watauliza, "Usiku ule alifuata nini huko?" Alifuata nauli. Alikuwa na hesabu ya kumpelekea tajiri wake. Jibuni hivyo, msiongeze neno.

Halafu ipo kesi. Shauri la mauaji huanzia mahakama ya chini kabla ya kufika Mahakama Kuu, na huko mtasikia "upelelezi haujakamilika" mpaka mchoke. Mnapanda daladala alfajiri, mnafika, linaahirishwa. Mtashangaa pia kwamba jina la mtoto wenu halipo kwenye kichwa cha shauri: ni Jamhuri dhidi ya mshtakiwa. Pikipiki ya mwanangu ilipopatikana ikawa kielelezo, yaani ikashikiliwa kama ushahidi wa kesi. Kila nilipokwenda kituoni kuulizia niliikuta pale uani, kiti kimepasuka kwa jua, majani yameota katikati ya spoku, na nikirudi nyumbani chakula hakipiti. Mke wangu ndiye aliyenikataza. Aliniambia nakwenda kumzika upya kila mwezi.

Kwa hiyo mahakamani nendeni, tena kwa zamu, na ushahidi wenu mtoe. Ila asiwepo wa kusema moyo utatulia hukumu ikitoka. Kwetu Tanzania adhabu ya kuua kwa kukusudia ni kunyongwa, lakini hakuna aliyenyongwa tangu miaka ya 1990, na mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha iliamua kwamba kuifanya adhabu hiyo kuwa ya lazima, jaji akikosa nafasi ya kupima, kunavunja haki ya kuishi. Sibishani na sheria. Nawaomba msifunge amani yenu kwenye kitanzi. Hukumu yetu ilipotoka nilirudi nyumbani, nikaketi kitandani, uzito ukawa uleule.

Ninyi vijana wa kijiweni, hasira yenu naijua, na naijua ilivyo ya upendo. Wenzenu wa huku kwetu walipotaka kwenda kuichoma nyumba ya wazazi wa mshtakiwa, nilisimama njiani. Yule mama hakuua mtu. Naye usiku ule alikuwa na mtoto asiyelala kwake.

Kosa langu kubwa lilikuwa kwa mjukuu. Alikuwa na miaka 4, tukamwambia baba amesafiri, tukidhani tunamhurumia. Ikipita pikipiki jioni anaacha sahani, anakimbilia mlangoni, anasikiliza mlio, anarudi. Ilikwenda hivyo miezi. Kisha jioni moja pikipiki ikapita, hakuinuka, akaendelea kula. Nililia kuliko siku ya mazishi. Nikampakata, nikamwambia baba amekufa, watu walimuua, na wewe hukukosa lolote. Waambieni watoto ukweli kwa maneno machache, kabla hawajaambiwa shuleni.

Tangu hapo tukajifunza kumtaja. Maana mwanangu alikuwa amegeuka "yule wa kule mkongeni" hata ndani ya nyumba yangu. Miaka yake 26 yote ilikuwa imemezwa na usiku mmoja. Sasa misa tunaiomba siku aliyozaliwa. Tunapika makande ya nazi aliyoyapenda, na kila mtu anatoa kisa chake, hata cha ugomvi, maana alikuwa mkaidi na hatutaki kumfanya malaika. Watu huniuliza kama nimeona maana ya kifo chake. Kifo kile hakina maana, na sitakitafutia. Maisha yake yalikuwa nayo, na hayo ndiyo tunayoyapitia mmoja mmoja.

Mjukuu sasa ana miaka 15. Juzi kaniuliza kama baba yake alijua kuogelea. Nikamwambia hakujua, ila akiwa na miaka 9 alirukia mto Ngerengere kumfuata mbuzi wangu, wakaopolewa wote wawili kwa kamba. Akataka kujua yule mbuzi alikuwa wa rangi gani.

Mzazi mwenzenu,
Morogoro