Kitabu umenunua, ufunguo anao muuzaji

Mhariri,

Anayenunua kitabu cha kielektroniki aangalie kwanza faili alilopewa. Likiishia na .acsm, hicho si kitabu bado, ni tiketi ya kilobaiti chache tu. Kitabu chenyewe hupakuliwa na programu ya Adobe Digital Editions. Hapo ndipo wengi huteleza: programu ikiuliza akaunti, wanaweka alama ya kuendelea bila akaunti. Kitabu kinafungiwa kwenye kompyuta hiyo hiyo. Siku ukiifomati, ndiyo basi. Fungua Adobe ID, yaani akaunti ya Adobe, kwanza, kisha sajili kompyuta na simu kwa akaunti hiyo moja.

Na bado wewe ni mpangaji tu. Microsoft ilipofunga duka lake la vitabu mwaka 2019 ilirudisha fedha, lakini vitabu vilitoweka. Palipoandikwa “bila DRM”, yaani bila kufuli hilo la kidijitali, nunua bila wasiwasi.

Msomaji,
Morogoro