Barua kwa Mjomba: Pikapu Yangu Haiji, ya Marehemu Baba Itatengenezwa

Columbus, Ohio
Agosti 2025

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo na kazi inaendelea. Nimefurahi kusikia kwamba Mama ameacha kukohoa na kwamba mikorosho ya Mkunya imepuliziwa salfa kwa wakati. Nakuandikia wewe, wala si Kaka Saidi, kwa sababu wewe ndiwe uliyeongoza kikao cha ukoo, na uamuzi wa kikao hicho nimeusikia kwa Dada Zuhura, si kwako. Ameniambia mmekubaliana kwamba niipakie pikapu yangu melini, ishushwe bandarini Mtwara, akabidhiwe Saidi asombe korosho msimu ukifunguliwa Oktoba. Jambo hilo limeniuma, na naomba barua hii isomwe mbele ya wote waliokuwapo.

Kwanza muijue pikapu yenyewe. Ni Ford Maverick ya haibridi, ndogo, ya milango minne, na mkopo wake nimeumaliza Mei. Hati ya umiliki sasa ina jina langu peke yangu, hakuna benki tena ndani yake. Katika ukoo wetu hakuna mwanamke aliyewahi kununua gari jipya, na siku nilipoipokea hati ile niliiweka mezani nikaitazama mpaka chai ikapoa. Ina injini ya petroli ya lita 2.5 na mota ya umeme, na kila ninapokanyaga breki mota hiyo hugeuka kuwa jenereta ikarudisha umeme kwenye betri, ndiyo maana kwenye foleni za mjini inakula mafuta kidogo kuliko inapokwenda kasi barabara kuu: lita moja hunipeleka karibu kilomita 18 mjini, na kama 14 nje ya mji. Saidi alisema namdanganya. Simdanganyi.

Lakini kwa kazi mliyoipangia haifai. Uzito inaoruhusiwa kubeba, pamoja na watu walioketi ndani, ni kama kilo 680; dereva na utingo wakishapanda, unabaki uzito wa magunia sita hivi ya korosho, na kwa safari ya kutoka shambani hadi ghala la chama cha msingi cha ushirika hiyo ni hasara tupu. Modeli yangu, ya 2023, huvutwa na magurudumu ya mbele peke yake, kwa hiyo mzigo ukilemea nyuma, mbele panakuwa pepesi, na mchanga wa njia za mashambani utaikalisha. Usukani uko kushoto; dereva akitaka kulipita lori kwenye njia ya Masasi hamwoni anayekuja mpaka awe ameshatoa nusu ya gari upande wa pili. Gharama za meli na ushuru siziandiki hapa, zitamtia Mama presha.

Hata hayo ningeyanyamazia, kama pikapu hii ingeweza kutengenezwa huko. Januari, baridi ilipozidi, asubuhi moja ilikataa kuwaka. Taa za dashibodi zilimetameta, zikazima. Ikavutwa hadi gereji moja ya jirani, kijana wa pale akachomeka mashine yake ya kusoma hitilafu, akaniambia betri kubwa ya haibridi imekufa na nitoe maelfu ya dola. Nikamwuliza kama amepima betri ndogo ya volti 12. Akasema hiyo haihusiki.

Mjomba, inahusika sana. Pikapu hii haina stata ya kuwashia injini wala altaneta ya kuchaji betri kama ya Baba, lakini kompyuta zake zote, pamoja na swichi zinazofungulia umeme wa betri kubwa, huamshwa na ile ndogo. Ndogo ikiisha, kubwa hata ikiwa imejaa haifanyi lolote. Tena dhamana ya kiwanda kwa betri ile kubwa ni miaka 8 au maili 100,000, yaani kama kilomita 160,000, nami sijafika hata nusu, kwa hiyo hata ingekuwa imekufa kweli nisingepaswa kuilipia. Nikaiondoa pale nikaipeleka kwa fundi mmoja mzee, Mhabeshi. Aliweka waya mwekundu na mweusi wa mita, akanigeuzia nisome mwenyewe: volti 9 na kitu, wakati betri nzima iliyopumzika husoma kama 12.6. Akafunga mpya, pikapu ikaamka kimya, ndivyo inavyoamka. Kisha akanionyesha nyaya nene za rangi ya chungwa, akasema hizo haziguswi na fundi asiyekata kwanza umeme wa betri kubwa na kuvaa glavu maalumu, kwa kuwa umeme wake unaua. Nikamkumbuka fundi wa Saidi chini ya mwembe, kifua wazi, spana mkononi, na mwili ukanisisimka.

Sasa pikapu ya marehemu Baba. Mwaka jana nilituma fedha za giaboksi, na mwaka huu naambiwa giaboksi hiyo hiyo imekufa. Nani ameipima? Oili yake ilimwagwa ikatazamwa kama ina vipande vya chuma? Klachi ilifunguliwa? Maana klachi iliyokwisha nayo hufanya gia zikatae kuingia, na bei yake si ya giaboksi. Nilipomwuliza Saidi maswali haya kwenye simu alinijibu kwamba nimekuwa Mzungu, na neno hilo bado linanichoma.

Fedha nitatoa, tena kwa moyo mmoja. Baba alinipeleka sekondari Masasi na pikapu ile, sanduku langu la bati nyuma na ndoo ya mabibo kando yake, na harufu ya mabibo yale naitafuta huku siipati. Ila fundi awe mwingine, aishushe giaboksi mbele ya macho yako, aandike kwenye karatasi kilichoharibika na bei yake. Fedha za spea nitamtumia mwenye duka moja kwa moja kwa simu, na kifaa kibovu kikitolewa kibaki uani kwako, kisiuzwe chuma chakavu mpaka nije nikione. Saidi ataendesha, na mapato ya msimu utayashika wewe.

Nijibu kabla ya Septemba kwisha, kwa kuwa minada ya korosho ikikaribia mafundi wote watakuwa wameshikwa na malori ya wasafirishaji. Mwambie Mama ming'oko nitakuja kuila mwenyewe, asimpe mtu anibebee. Nisalimie Shangazi, Zuhura na watoto wake, na Saidi pia.

Mpwa wako,
Somoe