Kabureta Yako Inarudi, Ya V8 Mwachie Mwenyewe

Gerezani, Dar es Salaam

Sanga, ndugu yangu,

Salamu kutoka huku kwenye joto. Sisi hatujambo, watoto wazima, na mama bado anauliza lini utamletea ile asali uliyomwahidi. Shemeji na watoto nao natumai hawajambo. Hayo yatosha, maana najua unachosubiri si salamu.

Boksi lilifika. Nililipokea kituo cha Magufuli pale Mbezi, limefungwa kamba mpaka kondakta akaniuliza kama kuna kuku ndani. Kabureta nimeifungua yote nikaisuka upya. Barua naiweka juu yake makusudi, umsomee fundi wako kabla hajashika bisibisi. Kwenye simu wewe husikiliza nusu, halafu unaanza kubisha.

Kuhusu lile swali lako la kununua kabureta kubwa zaidi, jibu ni hapana. Ile ya V8, injini ya silinda nane, usiinunue, hata akikupunguzia bei.

Hebu tupige hesabu. Hiyo Land Rover ya marehemu mzee ina injini ya cc 2,286. Injini ya mapigo manne huvuta hewa ya ujazo wake mara moja kila inapozunguka mara mbili. Yako hutoa nguvu zake zote, farasi 70 hivi, ikifika mizunguko 4,000 kwa dakika. Hapo inavuta mara 2,000, yaani lita 4,572 kwa dakika. Hiyo ni kama silinda zingejaa kabisa, na hazijai. Injini ya umri ule ikijaa asilimia 80 ushukuru Mungu. Zinabaki lita 3,660 hivi. Wamarekani hupima kabureta kwa futi za ujazo kwa dakika, na futi moja ya ujazo ni lita 28.3. Kwa hiyo umekanyaga mpaka chini, injini yako inataka futi 129. Hiyo ya koo nne anayokuuzia jamaa ni ya 600.

Najua utasema, si ndiyo vizuri, ipumue? Kabureta haisukumi hewa, bwana. Injini ndiyo inayovuta. Pale kooni pamebanwa ili hewa ipite kwa kasi, na ikipita kwa kasi mgandamizo wake unashuka, ndipo mafuta yanapanda kutoka kwenye bakuli la floti. Ukiweka koo pana kuliko mahitaji, hewa inatembea polepole na mafuta hayapandi. Ni sawa na kunywa dafu kwa bomba la bafuni. Uko mlima wa Kitonga nyuma ya lori, umepata nafasi ya kupita, unakanyaga. Hewa inaingia yote kwa mkupuo, mafuta yanachelewa, injini inakohoa na kupoa. Na hapo ndipo unapotaka nguvu. Ile 36 iliyoandikwa kwenye kabureta yako ya Zenith ni upana wa tundu la chini penye kipepeo, kile kibati kinachofunguka ukikanyaga mafuta, kwa milimita. Koo lenyewe ni jembamba zaidi, na waliolichonga hivyo walishapiga hesabu hii hii.

Sasa nikwambie nilichokikuta ndani, maana ndiyo habari yenyewe.

Jeti kubwa, yaani kile kitundu kinachopima mafuta, imegongwa namba 125. Namba hizo ukizigawa kwa mia unapata takriban upana wa tundu, yaani milimita 1.25. Nikachukua drili ya milimita 1.4, nikageuza upande wa mguu usije ukakwangua kitu, nikaijaribu. Ikapita bila kushika popote. Kuna mtu aliitoboa hiyo jeti. Ukipiga eneo la tundu, yale mafuta yamezidi kwa robo nzima. Kwa hiyo ule moshi mweusi, plagi kujaa masizi, na tangi unalolia nalo kila ukitoka Mafinga, vyote vimetoka hapo. Wewe ukadhani kabureta ni ndogo, kumbe injini ilikuwa inazama kwenye mafuta.

Aliyetoboa simlaumu sana. Gari lilikuwa halishiki sailensa, linazima kila ukisimama, na fundi akiona hivyo haraka yake ni kuongeza mafuta. Tatizo lilikuwa hewa ya wizi, inayopenya pasipo njia yake. Kifuniko cha juu kimepinda, ugonjwa wa kawaida wa kabureta hizi baada ya miaka ya joto na watu kukaza skrubu kwa hasira. Nimekilaza juu ya kioo cha dirisha, fila geji, kile kibati cha kupimia uwazi, ya milimita 0.2 ikapenya katikati kama mlango uko wazi. Nikabandika msasa laini juu ya kioo kile kile, nikachora mistari ya penseli kwenye uso wa kifuniko, nikaanza kusugua kwa mduara, mkono mwepesi, na mafuta ya taa kidogo. Penseli ikifutika pembeni na kubaki katikati, bado kumebonyea. Unaendelea mpaka mistari yote iondoke kwa pamoja. Kazi ya kuchosha lakini naipenda. Watoto wa gereji siku hizi wanapaka gamu ya gasketi tu wanafunga.

Ule mhimili wa kipepeo nao ulikuwa unacheza. Ukiushika unausikia unagonga juu chini. Hewa inayoingia hapo haijapita kooni ikapimiwa mafuta, kwa hiyo hata ukizungusha skrubu ya mchanganyiko siku nzima, hakuna kitakachobadilika. Nimempelekea mzee mmoja wa kukereza vyuma huku Gerezani, akapanua matundu na kupiga bushi za shaba. Sasa unazunguka laini na hauchezi. Oringi ya ndani nimeweka mpya. Gasketi za seti ya kwanza niliyonunua Kariakoo zilikuwa na matundu yasiyolingana na ya mwili wa kabureta, moja inaziba kabisa njia ya mafuta, nikazirudisha. Mwenye duka akaniambia nitoboe mwenyewe! Nikapata zingine kwa mtu anayeuza spea za zamani.

Huko Iringa mko mita 1,500 na ushei juu ya bahari. Hewa yenu ni nyepesi kuliko yetu kwa kama asilimia 14, na kabureta haijui kwamba imepanda mlima. Mafuta inayotoa yanapungua kidogo, ila hayapungui sawa na hewa, kwa hiyo mchanganyiko unakuwa mzito kwa asilimia 7 hivi hata jeti ikiwa nzima kabisa. Kwa hiyo nimekuwekea namba 120, niliyoitoa kwenye kabureta chakavu. Eneo la tundu lake ni pungufu ya 125 kwa kama asilimia 8, linakaribiana na unachohitaji. Wewe ulikuwa unatafuta kabureta kubwa zaidi, na milima yenu inataka jeti ndogo zaidi. Kwenye kifuko cha nailoni kuna 125 nyingine, nzima. Ukishuka Dar na mzigo, badilisha. Huku chini 120 itakuwa inabana mafuta, injini itachemka na utaisikia inagonga ukiwa kwenye mwinuko. Ile iliyotobolewa nimeitupa, usiniulize.

Fundi akifunga, asitumie silikoni hata tone moja. Petroli inailainisha, vipande vinakatika na kwenda moja kwa moja kwenye jeti. Gasketi kavu inatosha. Skrubu za kifuniko akaze kwa kupishanisha, kidogo kidogo, asije akakipinda tena. Aweke chujio jipya la mafuta, ile mipira yako ya zamani inamomonyoka ndani. Kabla ya kuwasha, bakuli likishajaa mafuta, mwambie achungulie kooni akivuta mkono wa resi kwa ghafla: lazima aone mafuta yanaruka kwa mstari mwembamba. Skrubu ya mchanganyiko aifunge taratibu mpaka iguse, asiikandamize, kisha airudishe mzunguko mmoja na nusu. Injini ikishapata moto ndipo aitafutie sauti nzuri.

Na pointi za kuwashia cheche, Sanga. Mara ya mwisho niliyolifunua gari lile pointi zilikuwa zimeungua kabisa. Kapime uwazi uwe kati ya milimita 0.35 na 0.40, na vali 0.25, kabla ya kugusa kabureta. Nusu ya kabureta zinazoletwa hapa kwangu hazina kosa lolote.

Ukishatembea nalo, tuseme umekwenda Kilolo na kurudi, toa plagi unipigie picha. Nataka kuona rangi ya kahawia hafifu. Zikiwa nyeusi bado, tutashusha floti. Zikiwa nyeupe, usiendeshe, nipigie simu saa hiyo hiyo.

Hela ya bushi na gasketi nimeandika nyuma ya karatasi hii. Kazi ya mikono sijaweka, ila usinitumie pombe ya ulanzi kwa basi tena. Ulitumbuka njiani, na begi la jirani likanuka mpaka walipofika Chalinze, nililipia sabuni.

Wako,
Shomari