Eneo mnaloliita tupu: barua ya wakazi kwa kampuni ya nyumba

Kamati ya Wakazi,
Upande wa Mashariki, Barabara ya Morogoro,
Dodoma.
14 Oktoba 2025

Mkurugenzi Mtendaji,
Kampuni ya Uendelezaji Makazi,
Dodoma.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MRADI WA NYUMBA 64 KWENYE ENEO LA WAZI KANDO YA KORONGO

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Jumapili tarehe 12 Oktoba tuliketi chini ya mkwaju wa mtaa, tukakubaliana tuwaandikie ninyi wenyewe kabla ya kwenda kwingine. Tunaanza na suala la karatasi, maana ndilo lililotuuma zaidi.

Jumatano tarehe 17 Septemba mlituita kwenye kikao saa tisa alasiri, siku ya kazi, kwa ujumbe wa simu uliotumwa jana yake usiku. Waliofika walikuwa 43. Mtaalamu wenu alionyesha picha za nyumba zenye bustani ya kijani kibichi ambayo Dodoma haijapata kuota mwezi Septemba, akajibu maswali mawili, kisha soda zikagawiwa. Wakati wa soda ilipita karatasi, tukaambiwa ni ya mahudhurio. Tuliandika majina na namba za simu kama watu wanavyofanya kwenye kikao chochote nchi hii. Wiki iliyopita tumeiona karatasi ileile kwenye jalada la maombi yenu, juu yake pamechapwa: "Orodha ya wananchi walioridhia mradi."

Hatukuridhia. Namba 17 kwenye orodha hiyo ni kijana wa bodaboda aliyemleta mama yake mkubwa na kusubiri malipo. Namba 31 ni mtoto wa darasa la sita aliyetumwa na bibi yake aje asikilize kinachosemwa. Huyo naye ameridhia ghorofa? Tunataka orodha hiyo iondolewe kwenye jalada, na iondolewe kwa barua yenye mhuri wenu, nasi tupewe nakala.

Sasa tuje kwenye eneo lenyewe. Bango lenu na maelezo ya mradi vinaliita "eneo tupu lisiloendelezwa". Tunaelewa mlikotoa neno hilo, kwa sababu mlikuja Agosti. Mwezi Agosti mnaona mchanga, mbigili, magoli mawili ya miti na mbuzi wa jirani. Njooni Januari. Maji yanashuka kutoka mlimani, yanafika hapo yakiwa na hasira, yanatanuka kwenye uwanja huo, yanapoa, yanaacha mchanga wake, ndipo yanaendelea na korongo kuelekea chini. Uwanja huo ndio unaozuia maji yasitufikie sebuleni. Nyumba zetu ziko mita chache chini yake, na hazijawahi kuingiliwa na maji isipokuwa mara moja, pale mtu alipomwaga kifusi katikati ya korongo ili apitishe lori lake. Kifusi cha malori matatu tu! Ninyi mchoro wenu unataka kujaza uwanja wote, na korongo mlibane lipite kwenye kalavati mbili za kipenyo cha sentimita 90.

Mtaalamu wenu alituambia Dodoma ni kame, hivyo mafuriko si tatizo. Ni kweli mvua yetu kwa mwaka wa kawaida ni kati ya milimita 550 na 600 hivi, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Lakini hainyeshi kidogokidogo kama manyunyu ya Lushoto. Inakuja kwa kishindo, saa moja au mbili, juu ya ardhi iliyokaushwa na jua miezi saba mpaka ikawa ngumu kama sakafu. Maji hayapati pa kuingia, yanakimbia. Mwenzetu mmoja, mwalimu mstaafu wa hesabu, alichukua mchoro wenu akapiga hesabu ubaoni: nyumba 64, kila paa mita za mraba 90, mvua moja ya milimita 40. Jibu ni lita 230,400, yaani maboza 23 ya lita elfu kumi yakimwagwa kwa mpigo, kwenye mapaa peke yake. Bado hajagusa maegesho na njia za ndani mnazotaka kuzitandaza zege. Na kalavati zenyewe, yeyote aliyewahi kuona korongo likishuka anajua halileti maji matupu. Linaleta matawi, mchanga, na mara nyingine mbuzi.

Mmesema pia kwamba korongo si mto, hivyo mita 60 zinazotajwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kutoka ukingo wa mto hazihusiki. Ndugu Mkurugenzi, hapa katikati ya Tanzania mto ndio huo. Mkisubiri mto wenye maji mwaka mzima hamtaupata. Wazee wa Kigogo wanasimulia kwamba jina la mji huu lilitokana na tembo aliyekwenda kunywa maji akadidimia kwenye tope, watu wakasema amedodomea. Kama tembo alizama, sembuse jengo.

Tusieleweke vibaya. Hatupingi nyumba. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 hapa Dodoma mjini, ile ya 2022 ikahesabu 765,179. Watu hawa lazima walale mahali, na wengi wetu tuliotia saini chini ni haohao waliohamia baada ya Serikali kuja. Tunachosema ni kwamba mpango wa kwanza wa makao makuu, wa mwaka 1976, ulitaka mji ufuate umbo la ardhi, na mabonde na vilima vibaki wazi. Waliouchora hawakuwa wavivu wa kujenga.

Na kiwanja chenu hakiishii korongoni. Sehemu ya juu, kuanzia kwenye nguzo ya umeme hadi barabarani, ni kavu na imeinuka. Jengeni hapo. Nyumba zitapungua, tunajua, labda itabidi mpandishe ghorofa moja zaidi, na hilo hatutalipinga ingawa litatuzibia upepo wa jioni. Suala la makaro ya majitaka tutalizungumza tukikutana, ila yasiwe upande wa chini.

Katapila lililoletwa Ijumaa tunaomba lisiguse udongo mpaka mtupatie ripoti kamili ya Tathmini ya Athari kwa Mazingira, pamoja na mchoro wa mipangomiji unaoonyesha eneo hilo lilitengwa kwa matumizi gani. Kama matumizi yamebadilishwa, tuonyesheni yalibadilishwa lini na tangazo lilibandikwa wapi, kwa sababu kwenye ubao wa ofisi ya mtaa hatujaliona.

Tunaomba majibu ya maandishi ndani ya siku 21. Kikao kijacho kiwe Jumamosi asubuhi, palepale uwanjani, na mhandisi wenu aje na viatu vya kutembelea mchangani. Mwalimu atakuja na ubao wake. Soda msilete, na karatasi ya mahudhurio safari hii tutaiandaa wenyewe.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Katibu, Kamati ya Wakazi
(kwa niaba ya wakazi 118 waliotia saini kwenye kiambatisho)

Nakala:
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa
Mtendaji wa Kata
Ofisi ya Mipangomiji, Jiji la Dodoma
Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC), Kanda ya Kati