Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Turuhusu tulipe SHA kwa mwezi, kama wenye mshahara

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Afya House, Nairobi.

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Kongowea, Mombasa. Mimi ni muuza vitunguu, na ndiye mweka hazina wa chama chetu cha wachuuzi wa mboga na matunda. Daftari la chama liko kwangu, kwa hiyo naona jinsi pesa zinavyoingia na kutoka mikononi mwa watu ambao hawajawahi kuajiriwa na mtu. Wenzangu ndio walionituma nikuandikie.

Tunaomba turuhusiwe kulipa mchango wa bima ya afya mwezi kwa mwezi, bila mkopo, na kila mwezi tuliolipia uhesabiwe kuwa tuna bima.

Tangu SHA, mamlaka ya bima ya afya ya jamii, ichukue nafasi ya NHIF, mfuko wa bima ya afya wa zamani, tarehe 1 Oktoba 2024, kiwango ni kimoja kwa Wakenya wote: asilimia 2.75 ya kipato, na mchango usipungue shilingi 300 kwa mwezi. Mwenye kipato cha chini kabisa amepata nafuu hapo, maana NHIF ilimtoza mwanachama wa hiari shilingi 500 kila mwezi, awe nacho asiwe nacho. Hilo tunalikubali na tunalishukuru.

Shida iko kwenye namna ya kulipa. Mwalimu au karani hufanya kazi mwezi mzima, akapata mshahara, ndipo akakatwa. Mwajiri naye ana hadi tarehe 9 ya mwezi unaofuata kuzifikisha pesa hizo. Mwajiri haongezi hata senti yake, ila anamwondolea mfanyakazi mzigo wa kukumbuka na wa kujikusanyia. Sisi tusio na mwajiri tunatakiwa kulipa miezi 12 kwa mkupuo, kabla mwaka wenyewe haujaanza. Mtu mwenye mapato ya uhakika analipa baada ya kupata. Asiye na uhakika hata wa kesho ndiye anayelipia mwezi ambao hajaufikia.

Tuseme mfumo wa SHA wa kupima kipato umekadiria kwamba mama muuza nyanya, mwenye watoto, anapata shilingi 30,000 kwa mwezi. Mchango wake ni 825. Hizo anaweza. Akibana matumizi wiki mbili tatu anazipata, na sokoni kwetu wapo wengi wanaoweka akiba zaidi ya hiyo katika chama. Lakini SHA haimwombi 825. Inamwomba 9,900, na kwa mchuuzi 9,900 ndiyo mtaji wenyewe. Ndiyo kreti za nyanya za kesho alfajiri. Akizitoa zote leo apate bima, Jumatano hana cha kuuza.

Pesa ya soko ina majira yake pia, Mheshimiwa. Embe zikianza kuingia kutoka Kilifi mwishoni mwa mwaka, watu wana chochote mfukoni. Januari karo inazichukua. Ramadhani biashara inachangamka. Viazi, ndizi na matunda hayakai mezani. Masika yakipiga Aprili na Mei, tope linajaa sokoni, wateja wanapungua, mali inaoza kabla haijauzwa. Kumwambia mtu wa namna hii atafute siku moja katika mwaka awe na 9,900 ambazo hazina kazi nyingine ni kumwambia akae bila bima. Ndivyo ilivyotokea. Wizara yako imetangaza kwamba waliojisajili wamepita milioni 20. Lakini anayejisajili bila kulipa anatibiwa bure zahanati na kituo cha afya, ngazi ya 2 na ya 3, basi. Tunashukuru kwa hilo, ila kisu cha daktari hakiko huko. Upasuaji wa uzazi, ambao SHA inaulipia shilingi 30,000, au kikao cha kusafisha damu kwa mgonjwa wa figo, ambacho ni 10,650, vinataka mchango uwe umelipwa.

Kwetu mama akifikishwa hospitali bila mchango kulipwa, kwanza simu zinapigwa, kisha namba ya M-Pesa inazungushwa kwenye makundi ya WhatsApp, kisha mizani inauzwa. Mikopo mingi inayoombwa ghafla katika chama chetu ni ya ugonjwa. Wakopaji hurudisha, kwa sababu ni watu waaminifu, lakini meza iliyokuwa na magunia matatu inabaki na debe moja. Nimewaona wachuuzi hodari wakirudi kubeba mizigo ya wengine kwa sababu ya bili ya hospitali.

Najua utanitajia Lipa SHA Pole Pole. Wenzangu wameusoma mpango huo na tunaona nia yake ni njema: mtu anakopeshwa mchango wa mwaka, naye anarudisha kwa vipande vya siku, wiki au mwezi. Bado ni deni. Mchuuzi ana deni la aliyemletea mali, ana mkopo wa serikali wa Hustler Fund, ana mkopo wa simu wa Fuliza, na pengine ana deni la chama. Mtu aliye tayari kulipa 825 za mwezi huu kwa nini afanywe mdaiwa wa 9,900? Mwenye mshahara hakopeshwi mchango wake. Sisi tunataka kulipa, hatukuomba kukopeshwa.

Washauri wako watakuambia kwamba mlango wa kulipa kwa mwezi ukifunguliwa, watu watalipa wakiugua tu, wakishatibiwa watoroke. Hawakosei kabisa. Enzi za NHIF wapo waliolipa mimba ilipokaribia, mtoto akazaliwa, hawakuonekana tena. Mfuko wa bima hauwezi kuishi hivyo, maana mgonjwa analipiwa na mzima. Dawa yake ipo: anayeruka miezi kisha akarudi, angoje muda fulani kabla ya kupata huduma kubwa, na anayelipa mfululizo apewe siku chache za kupumua mwezi ukimwendea vibaya. Tena mtupokee kwa vikundi. Chama chetu kikiingia chote, wazima na wagonjwa, vijana na wazee, hakuna anayechagua siku ya kuugua. Mweka hazina akakusanya shilingi 30 au 40 kila jioni, akapeleka mara moja kwa mwezi kwa orodha. Kazi hiyo tunaifanya tayari kwa mambo mengine. Chama cha akiba cha waendesha boda boda kinaweza, na kikundi cha wavuvi wa bandari ndogo kinaweza pia. Chama kinaweza kumsimamia mwanachama wake vile mwajiri anavyomsimamia mfanyakazi, kama SHA itakitambua.

Jambo la pili ni tathmini ya kipato chetu. Mfumo unauliza paa la nini, ukuta wa nini, choo cha aina gani, taa ya nini, maji yanatoka wapi. Labda kijijini maswali hayo yanasema kweli. Hapa Mombasa, Kisauni na Likoni, watu wengi wamepanga chumba kimoja katika nyumba ya Kiswahili. Paa ni la mwenye nyumba, stima ni yake, choo cha kuvuta maji kinatumiwa na vyumba vyote. Ukimpima mpangaji kwa nyumba hiyo unampima mwenye nyumba. Asiyekubali kadirio lake anapaswa kuonyeshwa limefikiwaje, akapewa mahali pa kulipinga, na jibu lije kwa muda unaojulikana. Na ile 300 ya chini nayo ni nzito kwa wengine: ni asilimia 2.75 ya kama shilingi 10,900, kwa hiyo familia inayopata 6,000 inatoa asilimia 5, karibu mara mbili ya anachokatwa mwenye mshahara mkubwa. Serikali imesema itawalipia watu milioni 2.2 wasiojiweza kabisa. Kati yao na wenye ajira ndipo tulipo sisi, na zaidi ya wafanyakazi wanane katika kila kumi nchini wako katika sekta isiyo rasmi.

Bima za kampuni binafsi hazituhusu. Bei yake hupanda kwa umri, na mzee hupokewa kwa shida. Hii ya umma ndiyo yetu.

Mheshimiwa, kanuni za mwaka 2024 zilitungwa na Wizara, na Wizara inaweza kuzibadilisha. Pale ambapo Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 yenyewe inahitaji kuguswa, peleka mswada Bungeni. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na hakikusema kila mtu mwenye mshahara.

Kama Wizara inahofia kubadilisha nchi nzima kwa mara moja, anzeni na masoko machache. Chama chetu kiko tayari kuwa cha kwanza. Tutatoa orodha ya wanachama wote pamoja na wategemezi wao, na daftari letu mnaweza kulikagua wakati wowote. Tunaomba umtume ofisa atukute sokoni saa nane mchana, biashara inapotulia, atueleze mchango wa kwanza tuupeleke wapi.

Wako mwaminifu,
Mweka hazina, kwa niaba ya chama cha wachuuzi wa mboga na matunda,
Kongowea, Mombasa.