Chagueni hitilafu kwanza: barua ya wazi kwa wahitimu wa kompyuta wa Mombasa

Wanangu, salaam aleikum.

Shahada mmeipata, hongereni. Sasa kila barazani swali ni lile lile: nijifunze Python au Java? Hilo halitawaonyesha njia. Aliyeishika lugha moja ya programu barabara huhamia ya pili kwa majuma machache. Kazi hizi hutofautiana kwa aina ya hitilafu utakayoikimbiza kutwa, na mara nyingine usiku wa manane. Basi chagueni hitilafu mnayoweza kuishi nayo.

Mifumo ya malipo ni mfano mzuri, maana kila mwenye duka anataka M-Pesa iingie moja kwa moja kwenye hesabu zake. Kwa Daraja, mlango wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, seva yako huomba tokeni (kibali cha muda) inayodumu saa 1, kisha hutuma ombi, na mteja huona kidirisha cha PIN kwenye simu yake. Jibu la kwanza hurudi na ResponseCode (namba ya jibu) 0. Hapo ndipo wengi huteleza. Hiyo 0 yasema ombi limepokelewa tu, pesa bado. Matokeo yenyewe huja baadaye kwenye anwani ya seva yako, yakiwa na ResultCode (namba ya matokeo): 0 amelipa, 1 salio halitoshi, 1032 mteja ameghairi, 1037 simu haikupatikana. Seva yako ikiwa imezimika dakika hiyo, matokeo hayakufikii, na mteja atasimama mbele ya kaunta akikuonyesha ujumbe wa malipo huku mfumo wako ukisema hajalipa. Kwa hiyo hifadhi CheckoutRequestID, namba ya ombi lenyewe, mara tu unapoipata, na matokeo yakichelewa waulizie Safaricom mwenyewe kwa namba hiyo. Namba ya risiti nayo iwekee sharti la kutojirudia kwenye hifadhidata, ili taarifa ikija mara 2 mzigo usitoke mara 2. Anayeona raha kulifuatilia jambo kama hili hadi linyooke, uandishi wa mifumo ni wake. Anayeona karaha asijilazimishe kwa ajili ya mshahara.

Mitandao mnaidharau, sijui kwa nini. Nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilitua hapa hapa Mombasa mwaka 2009, EASSy ikafuata 2010, nanyi mnapanda SGR kwenda kuitafuta intaneti Nairobi! Hitilafu za huku ni za namna nyingine. Hotelini nusu ya wageni wanapata intaneti, nusu hawapati. Ukizima na kuwasha, wanabadilishana tu. Kumbe kuna mtu amechomeka ruta yake kwenye mtandao kupitia tundu la LAN, nayo inagawa anwani za IP kwa kushindana na ile halali. Linganisha anwani ya lango (ruta inayopitisha intaneti) kwenye simu inayofanya kazi na isiyofanya, chukua MAC (namba ya kifaa chenyewe) ya lango geni, itafute kwenye jedwali la swichi, kile kifaa kinachounganisha nyaya, utajua imechomekwa tundu gani. Kisha washa kinga ya swichi inayokataa majibu ya DHCP (ugawaji wa anwani za IP) kutoka matundu ya wageni. Kazi hii ina ngazi, vumbi na joto la darini. Mjue mapema.

Wanaopenda data wasianze na akili mnemba. Waanze na takwimu, SQL (lugha ya kuulizia hifadhidata) na bandari. Namba ya kontena ina herufi 4 na tarakimu 7, na ya mwisho ni ya ukaguzi. Herufi hupewa thamani kuanzia A 10 hadi Z 38, ukiruka 11, 22 na 33. Zidisha thamani ya kila nafasi kwa 1, 2, 4, 8 hadi 512, jumlisha, gawanya kwa 11. Baki ndiyo tarakimu ya ukaguzi, na baki ya 10 huandikwa 0. Jaribuni CSQU3054383, mtapata jumla 6185 na baki 3. Programu hiyo ndogo humwonyesha karani wa forodha namba iliyokosewa kabla hajatuma hati.

Usalama wa mitandao sina mengi ya kuusemea ila hili: sheria ya makosa ya mtandao ya 2018 haina msamaha wa "nilikuwa najifunza". Fanyieni mazoezi kwenye mashine zenu, au mwe na ruhusa ya maandishi.

Toeni majuma 4 kwa kila njia inayowavuta, na kila moja itoe kitu 1 kinachofanya kazi mikononi mwa mtu asiye rafiki yenu. Huyo ndiye atakayebonyeza mahali ambapo hamkutarajia. Mkienda kuomba nafasi, pamoja na vyeti pelekeni ukurasa 1: tatizo lilikuwa nini, mlijaribu nini kikashindikana, na mlipimaje kwamba limekwisha. Mkikosa la kuandika kwenye sehemu ya pili, kazi hiyo bado hamjaijaribu.

Mzee wenu,
Kibokoni, Mombasa